Gereji ilitoboa gari langu ili kuingiza baridi, na joto la injini likapitia tundu lile lile

Ndugu wanajamvi, salaam. Nimekaa na jambo hili miezi mitano nikitumaini kwamba litamalizwa kwa mazungumzo, halikumalizwa, na sasa nalileta hapa kwa sababu najua wenye magari ya aina hii humu si haba, na wengi wao wameshaambiwa maneno yale yale niliyoambiwa mimi. Gari langu ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, usukani kulia, injini yake ile ile ya L24 ya silinda sita na kabureta mbili, nami niliachiwa na marehemu mjomba wangu hapa Mombasa. Malalamiko yangu ni juu ya joto lililomo ndani ya gari hilo, na zaidi ni juu ya gereji iliyopokea pesa zangu mara nne kwa ajili ya joto hilo bila ya kutafuta hata siku moja linatoka wapi.

Sisemi joto la Mombasa. Sisi tuliozaliwa hapa tunaijua kaskazi, na hakuna asiyejua kwamba gari lililoegeshwa juani mwezi wa Februari lina joto. Ninalolisema ni joto linalotoka chini na mbele, ambalo huongezeka kadiri injini inavyozidi kufanya kazi na ambalo halipungui hata usiku. Siku niliyokata shauri kwamba jambo hili halivumiliki tulikuwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, mke wangu ameketi kushoto, na baada ya kama dakika ishirini akainua miguu akaiweka juu ya mkoba wake kwa kuwa sakafu haikuwa ikikanyagika. Kesho yake nilichukua kipima joto cha jikoni nikakifunga kwa uzi mahali pa miguu yake, nikarudi kwenye foleni ile ile saa zile zile. Nje palikuwa na nyuzi 32, na pale chini kipimo kilifika 51.

Upande wa kushoto kuna sababu yake. Katika injini ya L24 mafuta na hewa huingia kushoto na moshi hutokea kushoto vilevile, kwa hiyo bomba la moshi huteremka mbele ya miguu ya abiria kabla ya kupita chini ya sakafu. Fundi yeyote anayefungua boneti ya gari hili huliona jambo hilo kwa jicho, bila ya chombo chochote cha kupimia, na ndiyo maana nashindwa kuelewa vipi watu wanaojitangaza kuwa mabingwa wa magari ya zamani walilitazama gari langu mara nne wasilione.

Mara ya kwanza waliniambia dawa ni kiyoyozi. Nililipa shilingi 95,000, wakafunga kiyoyozi chini ya dashibodi, na kwa wiki mbili nikajidanganya kwamba kuna nafuu, kwa sababu uso ulipata baridi ingawa miguu ilikuwa ikiungua. Baridi ilipoisha nguvu waliniambia gesi imepungua, nikalipa 4,500 wakajaza, na mwezi uliofuata nikalipa 4,500 nyingine kwa maelezo yale yale. Mara ya nne wakasema feni ya rejeta ni ndogo, wakafunga kubwa zaidi kwa 12,000. Siku hiyo hiyo walitoa themostati wakaitupa, hawakuniuliza wala hawakuiandika kwenye risiti, na nimekuja kuligundua hilo mwenyewe baada ya kuona mshale wa joto la injini hauinuki tena barabarani na petroli inakwisha mapema. Jumla ni shilingi 116,000. Kuitoa themostati ni mazoea mabaya ambayo mafundi wengi wa hapa kwetu wameyafanya kuwa matibabu ya kila ugonjwa. Ile ya gari langu hufunguka kwenye nyuzi 82, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuizuia hapo. Kuiondoa hakumpunguzii abiria joto lolote, na injini inayokwenda baridi huchoma petroli nyingi na kulika haraka.

Basi niliamua kutafuta mwenyewe, na mimi si fundi, ni mwalimu. Usiku nililiingiza gari uani, nikazima taa zote, nikaweka taa ya umeme ndani ya boneti karibu na bati linalotenganisha injini na abiria, kisha nikaingia ndani nikafunga milango, nikalala chali na kichwa changu chini ya dashibodi. Mwanga ulipenya mahali patatu. Pawili palikuwa padogo, mipira ya kupitishia nyaya imekauka ikapasuka kwa umri. Tundu la tatu lilikuwa jipya. Kingo zake zilikuwa bado zinang'aa pale msumeno wa duara ulipokata, upana wake ni vidole vitatu, na ndani yake yamepita mabomba mawili ya kiyoyozi bila ya mpira, bila ya sifongo, bila ya kipande cha bati cha kuziba nafasi iliyobaki. Kidole changu kiliingia chote pembeni mwa mabomba hayo. Gereji ilitoboa gari la mjomba wangu ili kupitisha baridi, ikaacha dirisha la kuingizia joto la injini, halafu ikanitoza mara mbili gesi ya kupambana na joto hilo. Bomba mojawapo lilikuwa limeanza kusuguliwa na ukingo wa bati, na sitashangaa ikiwa gesi yangu ilikuwa ikitorokea hapo.

Asubuhi yake niliangalia hita. Najua wengi watauliza hita ya nini Mombasa, lakini gari lilitengenezwa nayo, na maji yanayotoka kwenye injini huja hadi ndani, nyuma ya dashibodi, ambako kuna koki ya kuyafunga inayovutwa kwa waya kutoka kwenye wenzo wa mbele. Wenzo wangu ulikuwa kwenye baridi mwisho kabisa. Nilishika mpira wa maji kabla ya koki nikaunguzwa, nikashika mpira baada ya koki nikaunguzwa vilevile. Koki haifungi. Kwa maneno mengine, maji ya moto ya injini yamekuwa yakizunguka sentimita chache kutoka kwenye magoti yetu wakati wote gari likiwa linakwenda, na feni ya hewa imekuwa ikilipulizia ndani joto lake. Niliuzungushia mpira wa hita kitambaa nikaubana kwa koleo, nikarudia safari yangu ya Likoni, na kipimo hakikupita 44. Nilipoziba matundu matatu kwa mipira mipya, na kurudisha ule mpira wa nyuma ya boneti ambao kazi yake ni kuzuia hewa ya injini isiingie kwenye matundu ya hewa mbele ya kioo, kilishuka hadi 39. Mipira yote kwa pamoja haikufika shilingi 2,500.

Lililonitia hasira kuliko yote ni la moshi. Kila nilipolalamika joto, msimamizi wa gereji alikuwa akiniambia, "Mzee, fungua madirisha." Tulifungua. Mke wangu akawa anashuka garini kichwa kinamuuma, nami nikidhani ni jua. Umbo la gari hili ni la mgongo mteremko, na linapokwenda kwa kasi hewa ya nyuma huvutwa kurudi kwenye mlango wa nyuma. Ukifungua madirisha ya pembeni unaongeza mvuto huo, na moshi wa bomba lako mwenyewe huingia ndani kupitia mpira wa mlango uliochakaa na gasketi za taa za nyuma. Wenye Z duniani kote wanalijua tatizo hili, si siri. Nilifunga mlango wa nyuma juu ya kipande cha karatasi nikakivuta, kikatoka bila ya kushikwa popote upande wa chini. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaua watu waliokaa, na kuumwa na kichwa ni miongoni mwa dalili zake za kwanza. Mtu anayepokea pesa kwa kazi ya magari haya alimshauri mke wangu afungue dirisha ili azidi kuuvuta moshi huo, na katika ziara zote nne hakuna aliyeugusa ule mpira hata kwa kidole.

Nilirudi gerejini na picha zote, na karatasi niliyoandika vipimo kwa tarehe. Jibu nililopewa ni kwamba gari la miaka hamsini ndivyo lilivyo, na kwamba magari ya mbio hayakutengenezwa kwa starehe. Hili silikubali, na nawaomba ninyi pia msilikubali. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiwa mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena mwaka 1973 na Shekhar Mehta, kwenye vumbi na joto la nchi hizi hizi zetu, kwa siku kadhaa mfululizo. Na gari la mjomba halikuwa la mbio hata hivyo. Nimelipanda nikiwa kijana kutoka hapa hadi Voi wakati wa kaskazi, nikiwa nimekaa kushoto, nimevaa ndala, na sikumbuki hata mara moja kuinua miguu kutoka sakafuni. Gari halikuumbwa na joto hili. Mipira imekauka, koki imechakaa, na mtu amelitoboa.

Madai yangu kwao niliyaandika kwa barua wiki tatu zilizopita: warudishe shilingi 9,000 za gesi, wazibe kwa bati na mpira tundu walilolitoboa bila ya kudai malipo, na wafunge themostati mpya badala ya ile waliyoitupa. Pesa za feni na za kiyoyozi sikuzidai, ingawa mke wangu ananilaumu kwa hilo na huenda ana haki. Sijajibiwa. Jumatatu nitapeleka nakala ya barua hiyo kwa mkono na kudai wasaini kwamba wameipokea, na wasiposaini nitaanza safari ya mahakama ya madai madogo.

Wakati huo huo, mwenye gari la zamani lililofungwa kiyoyozi baadaye, la aina yoyote ile, tafadhali afanye jaribio la taa usiku wa leo, kisha aandike hapa alichokiona. Na ikiwa yupo mwenye koki ya hita ya 240Z ya usukani wa kulia, nzima, au fundi wa shaba anayeweza kuifufua yangu, naomba anijulishe katika uzi huu, kwa maana mwezi wa saba natakiwa Limuru na huko kioo hujaa ukungu bila ya hita, kwa hiyo sitaki kuukata mpira wa hita moja kwa moja. Kwa sasa bado umebanwa kwa koleo.