Naomba ushauri: nimepima tungamo la fotoni, yaani chembe ya nuru, je, nichapishe kabla ya kumwonyesha msimamizi wangu?

MwalimuWaWanale:
Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Mbale, na wakati huohuo nasomea shahada ya uzamili. Kwa miezi minane nimekuwa nikiishughulikia milinganyo ya Maxwell ya mwaka 1865, ile ya umeme na sumaku, ambayo ndani yake nuru haina tungamo na mawimbi yote husafiri kwa kasi moja katika ombwe. Nimeongeza humo kiambajengo kimoja kinachoipa fotoni tungamo dogo, na hesabu ikaonyesha kwamba mawimbi ya masafa ya chini (yaani yenye mitetemo michache kwa sekunde) yatachelewa nyuma ya yale ya masafa ya juu. Nilipopima, ucheleweshaji huo ukaonekana waziwazi. Kinachoninyima usingizi ni kwamba msimamizi wangu hupenda jina lake litangulie. Je, nimwonyeshe kazi hii, au niichapishe kwanza?

MuuzaSola:
Mwalimu, fotoni ikithibitika kuwa na uzito, mimi paneli zangu nitaanza kuziuza kwa kilo, na mteja atalipia hata mwanga uliozikalia tangu asubuhi.

MzeeWaTororo:
Mwanangu, anayekufundisha ni mzazi wako wa pili. Nilifanya kazi ya ukarani miaka thelathini na moja, na kila niliyemwona akimruka mkubwa wake alirudi kupiga magoti. Nenda ukamwone, tena uende na adabu zako.

Tumaini_K:
Kabla hatujafika kwa msimamizi, Mwalimu, kiambajengo hicho kina mwenyewe. Alexandru Proca, Mromania aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliandika milinganyo ya namna hiyo mwaka 1936. Ndani yake nguvu ya Coulomb, ile ya chaji za umeme kuvutana au kusukumana, haipungui kwa kipeo cha pili cha umbali peke yake, bali hufifia haraka zaidi kadiri unavyojitenga na chaji, na wimbi hupata mwelekeo wa tatu wa mtetemo, ule wa kufuata njia yake. Kwa hiyo, kilicho chako ni kipimo, si mlinganyo. Umepata tungamo la kiasi gani, na ulipima kwa kutumia nini?

MwalimuWaWanale:
Dada Tumaini, nashukuru. Jina la Proca nimelikuta wiki iliyopita tu, na sidhani kwamba kutanguliwa kunaifuta kazi yangu. Kuhusu kipimo, nilitumia vifaa vya kuaminika, lakini swali langu ni la utaratibu wa kuchapisha.

Tumaini_K:
Utaratibu hautakusaidia bila namba. Itaje.

MwalimuWaWanale:
Ni takriban kilo 10⁻⁴⁴. Rafiki yangu mpima ardhi aliniazima kipokezi cha setilaiti za GPS cha masafa mawili, yaani megahezi 1,575.42 na megahezi 1,227.60. Setilaiti hizo ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, na ishara ya masafa ya chini ilifika ikiwa imechelewa kwa kiasi kinacholingana na mita tano. Ucheleweshaji ulifuata kinyume cha kipeo cha pili cha masafa, yaani masafa yakiongezeka mara mbili, wenyewe hupungua mara nne, kama nadharia inavyodai.

FundiRedio:
Mimi ni fundi mstaafu wa redio kutoka Soroti. Nikizidisha tungamo hilo kwa kipeo cha pili cha kasi ya nuru, kisha nikagawanya kwa namba ya Planck, napata megahezi 1.36. Maana yake ni kwamba wimbi lolote lililo chini ya hapo halisafiri hata kidogo. Sasa mimi katika ujana wangu nilikuwa nikikaa uani na redio ya babu, na giza likishaingia, stesheni za masafa ya kati ambazo mchana hazikusikika zilikuja kutoka Nairobi na Dar es Salaam kana kwamba mtangazaji yuko jikoni. Nyingi zilikuwa chini ya megahezi 1.36. Babu alisema hewa ya usiku ni safi; shuleni nikaambiwa ni matabaka ya juu ya anga yanayobadilika jua likizama. Vyovyote vile, tulisikia.

Tumaini_K:
Mzee wangu wa Soroti amepiga penyewe, nami naongeza dira. Tungamo la kilo 10⁻⁴⁴ linaufanya uga wa sumaku ufifie kwa kila mita 35 hivi unazokwenda mbali na chanzo chake. Uga wa Dunia huzalishwa katika kiini cha chuma kilichoyeyuka, kilomita 2,900 chini ya miguu yetu. Kama namba yako ingekuwa kweli, hapa juu usingebaki uga wowote, na sindano ya dira ingelala popote inapotaka. Miaka ya 1940, mwanafizikia Schrödinger aliutumia uga huohuo wa Dunia kuliwekea tungamo la fotoni mpaka wa juu. Chombo cha angani Pioneer 10 kilipopita karibu na Mshtarii mwaka 1973, uga wa sayari ile ukawasaidia watafiti kuubana mpaka huo zaidi. Leo, kutokana na upepo wa Jua, yaani chembe zenye chaji zinazotiririka kutoka kwenye Jua, fotoni hairuhusiwi kuzidi takriban kilo 1.8 × 10⁻⁵⁴. Wewe umeuvuka zaidi ya mara bilioni tano.

MwalimuWaWanale:
Mipaka hiyo yote hupitia dhana fulani kuhusu uga wa sayari na wa Jua, ilhali mimi nimepima moja kwa moja. Niseme pia kwamba jarida moja limeipokea makala yangu ndani ya siku nne, nami nimekwisha kulipa nusu ya ada, shilingi milioni moja na laki mbili. Sioni namna ya kurudi nyuma.

MzeeWaTororo:
Kumbe ulikuja kuomba ushauri ukiwa umekwisha kulipa!

Mpimaji_Mbarara:
Mimi nadhani kisa hiki kimetungwa. Natumia vipokezi hivyo kila siku. Chenye masafa mawili huondoa chenyewe tofauti ya ishara mbili na kukupa mahali ulipo. Hakikuonyeshi mita tano zozote. Tena hakuna mpima ardhi ninayemjua anayeazima kifaa cha bei ile kwa wiki nzima. Huyu ama ni mwanafunzi anayetaka tumfanyie zoezi, ama anatucheka.

MuuzaSola:
Nami nilishangaa jarida kusoma hesabu za miezi minane kwa siku nne.

MwalimuWaWanale:
Sijatunga chochote. Nilichukua faili ghafi za kifaa, zenye umbali uliopimwa kwa kila masafa peke yake, nikautoa mmoja katika mwingine. Wala hakikuazimwa wiki nzima. Nilikitumia saa za chakula cha mchana, rafiki yangu na wenzake walipokuwa wamepumzika.

Mpimaji_Mbarara:
Faili ghafi, sawa, hilo linawezekana. Naondoa neno langu la kutunga.

Tumaini_K:
Kwa hiyo, vipimo vyote ni vya saa saba hadi saa tisa mchana? Hukupima usiku hata mara moja?

MwalimuWaWanale:
Mara moja, saa kumi usiku, kifaa kilipolala kwangu. Tofauti ilishuka hadi kama nusu mita, na tungamo likawa theluthi ya lile la mchana. Nilihisi betri imechoka, kwa hiyo faili hiyo sikuiingiza katika makala.

Tumaini_K:
Mwalimu, faili uliyoitupa ndiyo matokeo yako. Jua huzivua atomi za anga ya juu elektroni zake, na gesi hiyo yenye chaji, ionosfera, huchelewesha mawimbi kwa kinyume kilekile cha kipeo cha pili cha masafa. Ndani ya gesi ya namna hiyo, iitwayo plazma, fotoni huenda kana kwamba ina tungamo, ndiyo maana hesabu yako ilikubali bila ubishi. Mchana elektroni ni nyingi, hasa katika ukanda wetu wa ikweta. Usiku huungana tena na ayoni, yaani atomi zilizovuliwa elektroni, na kupungua. Mita tano kuwa nusu mita ni kushuka mara kumi, na kwa kuwa ucheleweshaji hufuata kipeo cha pili cha tungamo, tungamo lenyewe hushuka mara tatu hivi. Betri yako ilikuwa nzima. Tungamo halisi la fotoni lisingejua kama jua limechomoza.

FundiRedio:
Ndiyo matabaka yale ya redio ya babu.

MwalimuWaWanale:
Nimeisoma mara tatu. Makala sijaiondoa, na ada sijui kama itarudi. Hata hivyo, rafiki yangu amekubali kunipa kifaa Ijumaa, kuanzia jioni hadi asubuhi. Je, ni saa ngapi ionosfera huwa nyembamba kabisa juu ya Mbale?

Tumaini_K:
Karibu na saa kumi na moja, kabla tu ya mapambazuko. Anza kuandika namba mapema ili uone inavyoshuka, na kama utakwenda mlimani, beba koti.