Ukibofya kichwa cha safu, jedwali lijipange au litulie?

Fundi_Majengo: Wadau, kuna jambo limetugawa hapa Moshi, mimi na makarani wa chama kimoja cha msingi cha kahawa niliowatengenezea programu ya kupokea mzigo. Mtu akibofya kichwa cha safu, tuseme "Kilo", jedwali lijipange upya hapo hapo, au litulie mpaka aombe kwa kitufe cha pembeni?

Mimi nasema litulie. Juzi karani kabofya "Kilo" aone nani kaleta nyingi. Majina yakaruka. Akamchagua mama mmoja wa akina Mushi, mstari wa tatu, akabonyeza "Lipa". Fedha ikaandikwa kwa Mushi mwingine kabisa, yule aliyekuwa wa tatu kabla ya kubofya. Na akina Mushi mnajua walivyo wengi. Hakuna aliyeshtuka mpaka mama alipotokea na stakabadhi yake mkononi. Kwenye Excel ukibofya herufi iliyo juu ya safu, safu inachaguliwa tu, hakuna kinachohama. Tusifuate huko?

Sakina_Arusha: Pole mkuu, ila hapo unamsingizia panya. Umetumia JTable, lile jedwali linalokuja tayari na lugha ya programu ya Java, sivyo? Tangu Java 6 ya mwaka 2006 inajipanga yenyewe ukiiruhusu. Lakini inachopanga ni sura ya skrini. Data nyuma yake haisogei. Mstari wa tatu machoni unaweza kuwa wa arobaini ghalani, na ni kazi yako kubadili namba ya machoni iwe ya ghalani kabla hujamlipa mtu. Safu nazo ni vivyo hivyo: mtu akiburuta "Kilo" akaiweka mbele ya "Jina", namba ya safu aliyobofya si ile uliyoizoea kwenye msimbo wako. Hicho kitufe chako cha pembeni kingemlipa Mushi yule yule.

Fundi_Majengo: Hapo nimekamatika. Nimerekebisha jana usiku. Msimamo wangu kuhusu kubofya haujabadilika.

Njiro_Juu: Watu wamezoea dirisha la mafaili la Windows: bofya "tarehe", yanajipanga. Ukiwanyima, watadhani kompyuta imeganda, wataanza kubofya kama wanaobisha hodi kwa mwenye deni. Tena JTable imelifikiria hilo, ukibofya mara mbili haraka, mbofyo wa pili inaupuuza.

Swali langu ni jingine: hizo kilo zinajipanga kama namba? Nimeona kwenye ofisi moja 1200 inatangulia 85, na 9 imekaa mkiani. Jedwali lisipoambiwa kwamba safu ni ya namba, linalinganisha tarakimu moja moja kama herufi za majina. Hilo ni baya kuliko la Mushi, kwa sababu halina mtu wa kuja na stakabadhi.

Fundi_Majengo: Kilo nilizitangaza kuwa namba, hilo sikukosea. Ninachogombana nacho ni kurudi. Daftari la karatasi linafuata nani alifika kwanza kwenye mizani. Ukishabofya "Kilo", mbofyo unaofuata unageuza juu chini, unaofuata unarudisha chini juu, basi, unazunguka hapo. Mpangilio wa daftari umepotea hadi ufunge programu. Karani anasoma skrini, mwenzake anasoma daftari, hawakutani.

Sakina_Arusha: Ongeza hatua ya tatu: panda, shuka, kisha rudi ulivyokuwa. Mistari michache tu ya msimbo.

Fundi_Majengo: Na nani atajua kwamba mbofyo wa tatu unarudisha? Umwandikie ukutani?

Karani_Kibosho: Shikamooni. Mimi ndiye niliyemlipa Mushi siye. Kaka fundi, kwenye daftari kila mstari una namba ya stakabadhi, na zinafuatana. Kwenye skrini hukuiweka, ulisema inajaza nafasi. Iweke iwe safu ya kwanza. Nikitaka kurudi kwenye daftari nabofya kichwa chake, sihitaji kuhesabu mibofyo. Na kile kipembe kidogo kinachoonyesha jedwali limepangwa kwa safu ipi, kikuze. Siku ya mzigo vumbi la maganda linajaa kwenye skrini, sikioni.

Njiro_Juu: Marahaba. Fundi, upo?

Fundi_Majengo: Nipo. Ni kweli nilisema inajaza nafasi. Jumatatu naleta toleo jipya, kubofya kunabaki.