Tupeane uzoefu: ukienda kwenye osteopathia au tiba ya nishati, utegemee nini?

Mwenyeji wa Ntyuka
Wakuu, habari za jioni. Kuna swali linarudi kila mara: mtu kiuno kinamsumbua, ameambiwa kuna osteopathia (tiba ya mikono ya mgongo na viungo), kuna reiki (tiba ya nishati ya kuwekewa viganja), kuna mashine ya kupima mwili mzima, na hajui akifika huko atafanywa nini. Wenye ujuzi wa kazi hizi hapa Dodoma waandike utaratibu ulivyo. Unaguswa wapi, kwa muda gani, kipi cha kawaida, kipi cha kukimbia. Habari za "jirani yangu alipona" leo tuziweke kando, hazimsaidii mtu anayetaka kujua afanye nini kesho asubuhi.

Fizio wa Area D
Asante mkuu. Nianze na osteopathia, maana wengi wanaichanganya na kukandwa. Ilianzishwa Marekani na daktari Andrew Taylor Still mwaka 1874, na chuo chake cha kwanza kilifunguliwa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Marekani wenye shahada hiyo ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kupasua. Uingereza ni taaluma ya tiba ya mikono inayosimamiwa na sheria ya mwaka 1993. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi ni osteopathi", swali la kwanza ni amesomea wapi na kwa miaka mingapi.

Mara ya kwanza tenga saa nzima. Karibu nusu yake ni maswali: maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni au yanabaki kiunoni, usiku yanakuamsha, unatumia dawa gani, umewahi kuvunjika. Kisha unasimama, unainama mbele, unageuka kushoto na kulia. Unalala chali, mguu ulionyooka unainuliwa taratibu. Maumivu yakishuka hadi chini ya goti mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, huenda mshipa wa fahamu umebanwa. Anagonga goti na kisigino kwa kinyundo, anapima nguvu ya kidole gumba cha mguu. Asiyefanya haya yote na kurukia kukupinda, shuka kitandani. Simaanishi kwamba ana roho mbaya, hajajua anachokigusa.

Tiba yenyewe ina sehemu tatu utakazozikuta sana. Kwanza kuchua misuli taratibu. Pili, kusukumana: unasukuma goti lako dhidi ya kiganja chake kwa kama robo ya nguvu zako, sekunde 5, unaachia, naye anausogeza mguu mbele kidogo. Mnarudia mara 3 hadi 5. Tatu ni ule msukumo mfupi wa haraka unaotoa mlio wa "ka!".

Huo mlio ndio unaopotosha watu. Ni kipovu cha gesi kinachojitokeza kwenye ute wa kiungo pale kinapovutwa ghafla, ndiyo maana kiungo hicho hakilii tena mpaka zipite kama dakika 20. Hakuna pingili iliyokuwa imetoka ikarudishwa. Pingili ikitoka kweli, mtu huyo anabebwa kwa machela kwenda hospitali, hapandi ngazi za kliniki kwa miguu yake.

Mama Kisasa
Samahani dada fizio, na nguo je? Wengine tunaona haya.

Fizio wa Area D
Usione haya kuuliza, mama. Vaa taiti au suruali laini na blauzi nyepesi, beba na khanga. Sehemu isiyotibiwa inabaki imefunikwa. Una haki ya kuingia na ndugu yako, ya kuomba mtaalamu wa kike, na ya kusema "hapo usiguse" katikati ya tiba. Usiende ukiwa umetoka tu kula ugali wa kushiba, utalala kifudifudi. Na beba picha za eksirei ulizonazo pamoja na dawa zako zote, hata za mitishamba.

Baada ya hapo mwili unaweza kuuma kama umelima, saa 24 hadi 48. Ni kawaida. Maumivu yakizidi siku tatu au ukapata ganzi mpya, rudi au nenda hospitali. Kunywa maji kwa sababu jua la Dodoma linakausha, lakini ukiambiwa maji "yanatoa sumu zilizofunguliwa mgongoni", hiyo haina msingi.

Kuhusu shingo naomba msome mara mbili. Kuna mishipa ya damu inayopita ndani ya pingili za shingo kwenda kwenye ubongo. Shingo ikipindwa ghafla mshipa unaweza kuchanika ndani na kuleta kiharusi. Ni nadra, ila madhara yake yanaweza kuwa ya kudumu. Waweza kukataa kupindwa shingo na ukatibiwa kwa njia nyingine. Kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito au maumivu makali mapya ya kisogo baada ya tiba: hospitali saa hiyo hiyo.

Nesi wa Mpwapwa
Naongezea upande wa huku kwetu, maana mgongo wa mtu wa Kanda ya Kati una mambo yake.

Huku tuna mifugo na tunakunywa maziwa. Bruselosi, ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba, unampata mtu kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kuzalisha mnyama bila glavu. Kwa binadamu unakuja na homa ya kupanda na kushuka, jasho, na maumivu ya kiuno na nyonga. Ukiukanda mgongo huo mwaka mzima hauponi, unahitaji viuavijasumu zaidi ya aina moja kwa wiki nyingi. Mtu wa mifugo akija na kiuno na homa, kipimo cha damu kitangulie mikono.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho ni hivyo hivyo. Jasho la usiku, kupungua uzito, sehemu moja ya mgongo inayouma ukiigonga, wakati mwingine kinundu kinaanza kutokeza. Mfupa unakuwa umeliwa, na msukumo mmoja unaweza kumlaza mtu asiinuke tena. Kikohozi kinaweza kisiwepo kabisa.

Wazee wa kiume wenye kiuno kipya kinachouma hata wakilala wapimwe tezi dume, saratani yake hupenda kuhamia kwenye mifupa. Wenye seli mundu, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na waliomeza vidonge vya steroidi muda mrefu wasipigwe msukumo wa haraka. Na waliokulia kwenye maji yenye floridi nyingi, kama sehemu za Singida, ambao mgongo umekakamaa kama mti: huo usilazimishwe kupinda.

Ya dharura ni hii: ganzi sehemu unayokalia tandiko la baiskeli, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, miguu yote miwili kulegea. Hapo kila saa ina thamani. Ni kwenda hospitali ya rufaa, usisubiri miadi ya mtu yeyote.

Viganja vya Makulu
Nizungumzie tiba ya nishati kwa ukweli, kwa sababu naipenda kazi hii na sitaki iuzwe kwa uongo. Reiki ilianzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922. Unalala na nguo zako zote, unavua viatu na mkanda. Mtoa tiba anaweka viganja juu yako au sentimita chache juu ya mwili, anaanzia kichwani, anashuka kifuani, tumboni, magotini. Hukaa dakika 3 hadi 5 kila sehemu, na zoezi zima ni kama saa moja. Hakuna kukandwa wala dawa ya kunywa. Watu husikia joto, wengine husinzia, wengine machozi huwatoka, wengine hawasikii kitu, na yote ni sawa.

Inachotoa ni utulivu: chumba kimya, mtu anayekujali, saa moja bila simu. Nishati yenyewe haijawahi kupimwa. Mwaka 1998 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha jaribio lililobuniwa na msichana Emily Rosa akiwa bado mtoto. Watoa tiba 21 wa aina inayofanana na hii walipitisha mikono kwenye matundu bila kuona, wakaulizwa mkono wa binti uko juu ya upi kati ya mikono yao. Walipatia asilimia 44, chini ya kubahatisha. Kwa hiyo anayekwambia uache dawa za presha, insulini au za kufubaza virusi kwa sababu "njia za nishati zimefunguka", anakupeleka pabaya.

Mkulima Hombolo
Na ile mashine ya kushika chuma mkononi, dakika moja inatoa karatasi ya figo, ini, moyo na mifupa?

Viganja vya Makulu
Hiyo iogope, mkuu. Kabla ya kushika chuma wanakuuliza umri, jinsia, urefu na uzito, na majibu yanatokana na hizo taarifa. Ijaribu: rudi ukiwa mtu yule yule, taja umri na uzito tofauti, uone karatasi inavyobadilika. Figo hupimwa kwa damu na mkojo. Ukiona chumba cha kupimia ndicho duka la virutubisho, umeshapata jibu.

Mwenyeji wa Ntyuka
Na usajili unaangaliwaje?

Nesi wa Mpwapwa
Tiba mbadala iko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002. Omba kuona cheti cha mtoa huduma na cha kituo, ni vyeti viwili. Leseni ya biashara ukutani haimaanishi anajua mgongo.

Fizio wa Area D
La mwisho kwa Mkulima na wenzake wa zabibu. Kiuno cha kawaida, kisicho na dalili alizotaja nesi, mara nyingi hupungua ndani ya wiki 6. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unaikubali tiba ya mikono pale tu inapoambatana na mazoezi. Ukienda mara 3 au 4 bila badiliko lolote, simama, upimwe upya. Usilipie mara 12 kwa mkupuo.

Nyumbani: lala chali, kunja magoti, inua makalio, shikilia sekunde 5, mara 10, asubuhi na jioni. Tembea dakika 20. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, igawe kwenye madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Wakati wa kupogoa, badilisha mkono na unyooke kila unapomaliza mstari mmoja wa mizabibu.