Gari linachemsha kwenye mlima wa Kericho: ni pampu ya maji au ni gasketi?

Mwalimu wa Ahero (swali)

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaendesha Toyota Probox ya mwaka 2012 yenye injini ya 1NZ-FE, na kila Ijumaa husafiri kutoka Ahero hadi Nakuru. Kwa wiki tatu sasa, mshale wa joto hupanda nikishapita Awasi na kuanza kukwea mlima wa kuelekea Kericho, kisha hushuka barabara inapokuwa tambarare. Kila asubuhi ninaongeza karibu nusu lita ya maji, ingawa sioni tone lolote chini ya gari. Fundi mmoja mjini Kisumu alisikiliza injini kwa dakika mbili, akasema gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho kati ya hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, na sehemu ya chini) imekwisha na lazima hedi ifunguliwe. Mwingine alitoa thamostati, yaani vali inayodhibiti joto la maji ya injini, akanikabidhi mkononi kama jino lililong'olewa, akaniambia kwamba magari ya huku hayahitaji kitu hicho. Tatizo lingalipo. Nitajuaje kama kasoro iko kwenye pampu ya maji kabla sijakubali hedi ifunguliwe?

Fundi wa Kondele

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Kwanza, thamostati irudishwe, kwa kuwa bila hiyo injini hukawia kupata joto, hunywa mafuta zaidi, na dalili nyingine zote hupotosha.

Pampu inayokufa mara nyingi haiachi kusukuma maji ghafla. Huanza kwa kuvuja. Ndani yake mna sili inayozuia maji yasifikie beringi, na sili hiyo ikichakaa, maji hutokea kwenye kijitundu kilichoachwa makusudi chini ya ekseli ya pampu. Hutoka kidogo kidogo injini ikiwa moto, mkanda huyarusha pembeni, nayo hukaukia pale pale kwenye chuma, ndiyo maana huoni tone lolote sakafuni. Kinachobaki ni ukoko: mweupe kama magadi ikiwa umekuwa ukitumia maji ya bomba, au wa rangi ya waridi ikiwa rejeta ina kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) ya Toyota.

Kwa bahati nzuri, pampu ya 1NZ-FE huzungushwa na mkanda wa nje, ule ule unaozungusha jenereta ya kuchaji betri, kwa hiyo unaweza kuikagua bila kufungua chochote kikubwa. Asubuhi, injini ikiwa baridi na imezimwa, chukua tochi, uangalie nyuma ya puli ya pampu (gurudumu linalopitiwa na mkanda), kisha uishike puli hiyo kwa vidole na kuitikisa mbele na nyuma. Haipaswi kucheza hata kidogo. Mkanda ukilegezwa, izungushe kwa mkono: ikikwaruza kama yenye mchanga, beringi imekwisha. Kagua na mkanda wenyewe, kwa sababu ukilegea au ukiingia mafuta huteleza, pampu isizunguke ipasavyo, na watu wengi wamebadilisha pampu isiyo na kasoro bure.

Dereva wa Mau Summit

Naongezea kuhusu mlima, kwa sababu barabara hiyo naipita karibu kila siku. Kericho iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, ilhali hata injini isiyo na kasoro hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachookoa gari ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Penye uvujaji hata mdogo, shinikizo hilo hupotea, na gari ambalo lilikuwa limetulia kabisa pale Ahero huanza kutokota likifika mlimani.

Mshale ukipanda tena, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zote ili iondoe joto kwenye injini, hata kama utatoka jasho, kisha tafuta mahali salama pa kusimama. Usifungue kifuniko kabla injini haijapoa, wala usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto. Hedi ni ya alumini, nayo hupinda.

Fundi wa Kondele

Kweli kabisa. Kuhusu gasketi, Mwalimu, ipime badala ya kubahatisha. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, uwashe gari: mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo ndipo mazungumzo ya hedi yaanze.

Mwalimu wa Ahero

Ndugu zangu, asanteni. Mapovu hayakuwepo, na oili ilikuwa safi. Nyuma ya puli nilikuta ukoko wa waridi uliotiririka kama nta ya mshumaa hadi kwenye bolti ya chini, na puli yenyewe ilicheza nilipoitikisa. Pampu imebadilishwa pamoja na mkanda, thamostati imerudishwa, na nimejaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (yaliyoondolewa madini), kisha tukaiacha injini ikinguruma huku hita imewashwa hadi hewa yote ikatoka. Ijumaa nilipita Kericho nikiwa na abiria watatu na gunia la mchele wa Ahero, na mshale haukusogea. Pampu ya zamani ninayo nyumbani; ukiizungusha, inalia kama kinu cha kusagia mtama.