Madalali wa viwanja Tanga, neno "kimepimwa" lina maana gani kwenu?

Ndugu wanajukwaa, ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na mnivumilie, kwa sababu fedha nilizodunduliza kwa miaka zimenasa ndani ya neno moja.

Tangazo la dalali lilisema kwamba kiwanja kipo Pongwe, kimepimwa, kina hati, na ukubwa wake ni ishirini kwa ishirini. Hakuna hata neno moja hapo ambalo ningeweza kumshitaki nalo kuwa ni uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mtu wa ardhi akisema "kimepimwa", anamaanisha kwamba mpima ardhi mwenye leseni alifika, mawe ya mipaka yakasimikwa, ramani ya upimaji ikaidhinishwa, na kiwanja kikapewa namba na kitalu chake. Nilipoitafuta namba hiyo, haikuwapo. Dalali akanieleza bila haya kwamba kiwanja kilipimwa kweli, tena yeye mwenyewe akiwapo. (Lugha inamkingia kifua: hata kitambaa hupimwa, hata damu hupimwa.)

Hati nayo ilikuwa karatasi ya mauziano ya mmiliki aliyetangulia, yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Sikatai kwamba karatasi ile ni ushahidi wa mauziano; lakini hatimiliki, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa muda unaoweza kufika miaka 99, ni kitu kingine kabisa, na anayetamka "hati" peke yake katika biashara ya mamilioni anajua fika msikilizaji ataielewa ipi.

Ishirini kwa ishirini za nini? Mimi nilihesabu mita, yaani mita za mraba 400. Kumbe zilikuwa hatua, na kwa hatua za aliyepima, ambazo hazizidi sentimita 75, eneo lote halizidi mita za mraba 225.

Msinielekeze kwenye kamusi, kwa maana kamusi huziweka maana zote za neno pamoja, na muuzaji huchagua inayomfaa. Ninachotaka ni kwamba mauziano yoyote ya kiwanja hapa Tanga yaandikwe kwa ukamilifu: kimepimwa na nani na namba yake ni ipi, hati ni ya aina gani na imetolewa na ofisi gani, na vipimo viwe kwa mita. Ni mistari mitatu tu, na wino wake hauzidi shilingi mia.

Nilipomwambia hayo, alinijibu kwamba kosa ni langu kwa kutouliza. Nikamwomba anirudishie malipo ya awali. Akasema hayakuwa malipo ya awali, ilikuwa arbuni, na arbuni hairudi.