Mjadala: Mnada wa korosho na fidia ya ardhi, ni "majadiliano" kweli?

Mtoa mada, Newala: Huku Kusini neno "majadiliano" linabandikwa kila kikao. Hata mnada wa korosho utasikia unaitwa "majadiliano ya bei". Napinga. Mnadani wanunuzi huweka bei zao, zinasomwa, wakulima wanakubali au wanakataa. Hakuna nafasi ya kusema ongeza hamsini nasi tupunguze masharti. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za minadani, na mwezi uliofuata Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kule kulikuwa kukataa. Majadiliano yanataka pande mbili, kila mmoja ana cha kuachia na ana uwezo wa kusema hapana.

Masasi: Ndugu mtoa mada, unalibana mno neno hili. Taarifa rasmi za Bunge letu zinaitwa "Majadiliano ya Bunge", na mle hakuna anayepunguziwa bei. Sokoni watu wana neno lao, kupatana. Majadiliano libaki pana.

Mtoa mada, Newala: Sawa ndugu, lakini tazama kitenzi. "Kamati imejadili bei": wamekaa wenyewe. "Kamati imejadiliana na wanunuzi": upande wa pili upo. Nomino haionyeshi tofauti hiyo, kwa hiyo lazima iongezwe "kati ya" au "baina ya". Anayeandika "majadiliano ya bei yanaendelea" bila kutaja nani na nani, upande mmoja ameufuta. Hata kupatana kuna mtego: "wanapatana bei" bado wanavutana, "wamepatana bei" wamemaliza.

Lindi Mjini: Mfano wa matumizi sahihi tunao hapa kwetu, mradi wa gesi wa Likong'o. Juni 2022, Dodoma, Serikali ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell, na majadiliano ya mkataba yakaendelea baada ya hapo. Wengi walisoma "makubaliano" wakadhani mkataba umeshapita! Hatua ni tatu na maneno ni matatu: majadiliano, makubaliano, mkataba.

Linalonikera zaidi ni fidia. Mwananchi anaitwa kwenye "majadiliano ya fidia", akifika anakuta hesabu imeshafungwa: thamani ya ardhi na mazao, posho ya usumbufu, posho ya makazi ya miezi 36, usafiri wa tani 12 hadi kilomita 20. Hiyo inaitwa uthamini. Akidhani ni majadiliano ataomba aongezewe, wakati alichotakiwa kufanya ni kukagua fomu, kuhesabu mikorosho iliyoandikwa, na kuweka pingamizi palipokosewa.

Mikindani: Naongeza usuluhishi, maana nao unachanganywa. Hapo yupo mtu wa tatu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Mabaraza ya kata nayo, tangu sheria ibadilishwe 2021, yanasuluhisha migogoro ya ardhi ndani ya siku 30, hayatoi hukumu. Majirani wakigombea mpaka, andika "wako kwenye usuluhishi". Wakikaa wawili bila baraza, ndipo "wanajadiliana".

Masasi: Kwa fidia mmenishinda, pale neno linamgharimu mtu. Ila Bunge sitawaachia. Nitaandika "majadiliano kati ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na msafirishaji yamekwama", na bado nitasema "majadiliano ya bajeti" bila kutaja upande wa pili.