Nilimuahidi jirani yangu amsimamie mwanangu ubatizo, naye ni Muislamu. Nimwambieje?

Mzazi wa Kiembesamaki:
Shikamooni wakubwa. Mungu katujaalia binti, leo ana siku 37. Mimi na mume wangu ni Wakatoliki, ndugu zetu wote wako bara na mama yangu ameshatangulia. Aliyenilea uzazi ni Bibi wa nyumba ya pili. Kanikanda maji moto asubuhi na jioni, kanipikia uji wa pilipili manga na mchuzi wa pweza, kachana kanga zake kuukuu, zile zilizofuliwa mpaka zikalainika, akamfanyia mtoto nepi. Usiku niliopata homa ya maziwa alilala chini mkekani, mkono kaushika upindo wa shuka yangu, nikijigeuza ajue.

Nikamwambia, "Bibi, huyu akibatizwa wewe ndiye utakayemsimamia." Akalia. Kesho yake akaja na kitambaa cheupe cha gauni. Jumapili katekista akaniambia msimamizi lazima awe Mkatoliki. Nguvu ziliniisha. Ubatizo ni wiki mbili zijazo, kanisa la Minara Miwili hapa Unguja. Na mavyaa wangu anakuja na boti kutoka Dar, anasema sherehe bila kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na bia si sherehe. Nifanyeje Bibi asione nimemtupa?

Mwalimu wa Ubatizo:
Hongera ya mwana. Katekista kasema kweli. Kanuni ya 874 ya Sheria za Kanisa inataka msimamizi awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepata kipaimara na Ekaristi, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Hata Mkristo wa dhehebu jingine huwa shahidi tu, tena pamoja na msimamizi Mkatoliki. Sababu ni kwamba msimamizi huungama imani pale kwenye kisima cha ubatizo. Ukimtaka Bibi aseme "nasadiki" unamtia katika maneno yasiyo yake. Mwambie hivyo hivyo. Na msimamizi mmoja anatosha, usihangaike kutafuta wawili.

Kijana wa Malindi:
Mimi ni Muislamu, dada. Usimpelekee ujumbe wa simu wala usitume mtu. Nenda mwenyewe baada ya alasiri, na mtoto umempakata. Bibi hakulilia cheo cha kanisani, alilia kwa kupewa mwana. Mpe basi huyo mwana.

Ila kitimoto kikiingia ua ule, Bibi na majirani wote hawatagusa hata maji. Mwiteni Muislamu awachinjie mbuzi, azimeni sufuria kwa majirani, pikeni pilau. Lile kanisa lilijengwa 1893 hadi 1898, na tangu hapo tunaishi nalo mji mmoja, tunaalikana.

Bibi wa Wete:
Mwanangu, mavyaa haambiwi na mkwe. Mumeo ndiye azungumze na mamake, tena kabla hajapanda boti. Wewe una kichanga, usibebe na hilo.

Mzazi wa Kiembesamaki:
Ahsanteni sana. Nimetoka kwake sasa hivi. Nilianza kulia kabla sijamaliza kusema, akanichukua mtoto mikononi. Akasema, "Mie nilifahamu kumsimamia ni kuwa naye. Hayo ya kanisani wapeni wenyewe." Nimempigia padri, kasema nguo nyeupe atakayovishwa mtoto iwe gauni la Bibi, na Bibi akae nasi benchi la mbele akipenda. Limeshashonwa, limebaki vifungo.

Mume wangu kazungumza na mamake. Amenuna, lakini anakuja. Arubaini ni keshokutwa, na Bibi ndiye atakayemtoa mtoto nje.